Jinsi bakteria wanavyotengeneza vitamini K, na kwa nini watafiti wa kifua kikuu wanaifuatilia kazi hiyo

Maji ya Ziwa Kivu yanayopiga ufuko wa Gisenyi, mji wa wilaya ya Rubavu magharibi mwa Rwanda, yana hewa ya kuwatosha sambaza wanaovuliwa humo usiku. Lakini ziwa hilo lina kina cha takribani mita 485, na oksijeni iliyoyeyuka ndani yake haishuki kupita mita 60 hivi, hata wakati wa kiangazi ambapo pepo huyachanganya zaidi maji ya juu. Kutoka hapo hadi chini kabisa hakuna samaki. Uhai hata hivyo haukomi. Gizani humo wanaishi bakteria wasiohitaji oksijeni, wakiwamo wale wanaotumia salfeti mahali pa hewa, na wengi wao wanategemea kampaundi moja ambayo wauguzi wa wodi za wazazi wanaifahamu kwa jina jingine: vitamini K.

Kampaundi hiyo huitwa menakwinoni, au vitamini K2. Kwetu sisi binadamu ni kirutubisho kinachosaidia damu kuganda. Kwa bakteria wengi ni sehemu ya upumuaji, na baadhi yao hawawezi kuishi bila hiyo. Miongoni mwa hao wasioweza yumo *Mycobacterium tuberculosis*, bakteria anayesababisha kifua kikuu. Ndiyo maana vimeng'enya vinavyoitengeneza menakwinoni, ambavyo zamani vilikuwa somo la wanakemia wachache, sasa vinachunguzwa na wale wanaotafuta dawa mpya za ugonjwa huo.

Vifaranga wa Copenhagen na unga wa samaki waliooza

Habari ya vitamini K ilianza na vifaranga. Mwaka 1929 mwanabiokemia wa Denmark, Henrik Dam, alikuwa akiwalisha vifaranga chakula kilichoondolewa mafuta ili achunguze kolesteroli. Vifaranga hao wakaanza kuvuja damu chini ya ngozi na ndani ya misuli, wala vitamini zilizojulikana wakati ule hazikuwaponya. Mwaka 1935 Dam alikipa kirutubisho kilichokosekana herufi K, kutokana na neno *Koagulation*, yaani kuganda kwa damu.

Miaka minne baadaye, Mmarekani Edward Doisy na wenzake katika mji wa Saint Louis walifaulu kutenga aina mbili. Ya kwanza, K1, waliipata katika majani ya alfalfa. Ya pili, K2, waliipata katika unga wa samaki ulioachwa uoze. Tofauti ya vyanzo hivyo viwili inaeleza mengi. K1 ni kazi ya mimea, nayo imo kwa wingi katika mboga za majani kama vile dodo na isombe ambazo hazikosekani sokoni Gisenyi. K2 haikutoka kwa samaki mwenyewe, bali kwa bakteria waliokuwa wakimwozesha. Dam na Doisy walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943.

Aina zote za vitamini K zina kichwa kimoja, yaani pete mbili za atomi za kaboni zilizoungana. Zinachotofautiana ni mkia. Mkia wa menakwinoni ni mnyororo wa vipande vinavyojirudia, kila kimoja kikiwa na kaboni tano, na idadi ya vipande hivyo ni kama alama ya ukoo wa bakteria. *Escherichia coli* wa utumbo hutengeneza mkia wa vipande 8, bakteria wa kifua kikuu vipande 9, na baadhi ya bakteria wa jenasi *Bacteroides*, ambao wamejaa katika utumbo mpana wa binadamu, hufikia 10 au 11. Hata *Lactococcus lactis*, ambaye ni miongoni mwa bakteria wanaoyagandisha maziwa kuwa kivuguto, hutengeneza menakwinoni kiasi fulani.

Mchukuzi ndani ya utando

Yeyote aliyewahi kusimama kwenye kivuko cha mpakani kati ya Gisenyi na Goma ameona jinsi mizigo inavyovuka: haivuki yenyewe, huchukuliwa. Ndani ya utando unaomzunguka bakteria, menakwinoni hufanya kazi ya uchukuzi wa namna hiyo. Mzigo wake ni elektroni. Chakula kinapovunjwa, elektroni zake hupokewa upande mmoja na kimeng'enya kimoja, menakwinoni huzibeba ikipita katikati ya mafuta ya utando, kisha huzikabidhi kwa kimeng'enya kingine. Katika safari hiyo protoni husukumwa nje ya seli, na zinaporudi ndani huzungusha mtambo mdogo sana unaotengeneza ATP, nishati inayotumiwa na kila kiumbe hai.

Binadamu pia tuna mchukuzi wa namna hiyo katika mitokondria zetu, lakini wetu ni mwingine, ubikwinoni. Tofauti ya wawili hao inapimwa kwa volti. Ubikwinoni ina takribani milivolti 110 juu ya sifuri, menakwinoni takribani 75 chini yake. Maana yake ni kwamba ubikwinoni huzishika elektroni kwa nguvu zaidi na huziachia vyema kwa mpokeaji mwenye nguvu, yaani oksijeni. Menakwinoni huziachia kwa urahisi, hata kwa wapokeaji dhaifu kama fumareti ambayo ipo kwenye milivolti 30 hivi. Mahali pasipo na oksijeni, mchukuzi anayeachia mzigo kwa urahisi ndiye anayefaa.

*E. coli* ana wachukuzi wote wawili na huwabadilisha kulingana na hali: ubikwinoni hewa ikiwepo, menakwinoni ikikosekana. Bakteria wengine, akiwamo wa kifua kikuu, wana menakwinoni peke yake. Wanaitumia wakiwa penye hewa tele katika pafu, na wanaitumia wakiwa wamezingirwa mahali ambapo hewa haifiki.

Kwa haki ya ziwa letu, inafaa kusema jambo moja. Methani ya Kivu, ambayo inakadiriwa kufikia kilomita za ujazo 60 na ambayo tangu mwaka 1963 ilikuwa ikivunwa Rubona, karibu na Gisenyi, kuwasha matanuri ya kiwanda cha bia cha Bralirwa, si kazi ya bakteria wa menakwinoni. Sehemu kubwa ya gesi hiyo inatokana na viumbe wadogo wa kundi jingine kabisa, arkea, na hao wana wachukuzi wa elektroni wa aina yao. Bakteria wenye menakwinoni ni majirani zao katika giza lilelile.

Mafundi kwa mstari

Menakwinoni hutengenezwa vipi? Bakteria huanza na kampaundi iitwayo korismeti, ambayo pia ni malighafi ya baadhi ya amino asidi. Mimea na bakteria wana njia ya kuitengeneza korismeti, wanyama hawana. Dawa ya magugu ya glifosati hufanya kazi kwa kuifunga njia hiyo mapema, kabla korismeti haijapatikana, na ndiyo sababu magugu hufa.

Kuanzia kwenye korismeti, vimeng'enya hupokezana kazi kama mafundi waliopangwa kwa mstari. Wanasayansi wamevipa majina mafupi yanayoanza na Men. MenF huigeuza korismeti kuwa isokorismeti, badiliko dogo la kuhamisha kundi moja la atomi. MenD huiunganisha na kipande kinachotokana na njia kuu ya uvunjaji wa chakula, na ili kuweza kufanya hivyo huhitaji msaidizi anayetokana na vitamini B1. Yaani bakteria hawezi kutengeneza vitamini moja pasipo kuwa na nyingine.

Anayefuata ni MenH, na hapa pana kisa. Kwa miaka mingi vitabu vilieleza kwamba MenD hufanya hatua mbili peke yake: kuunganisha, kisha kukata kipande kisichohitajika. MenH naye alidhaniwa kuwa na kazi nyingine mbali zaidi katika mstari. Mwaka 2007 na 2008, kundi la Zhihong Guo katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Hong Kong lilionyesha kwamba bidhaa halisi ya MenD ilikuwa kampaundi dhaifu isiyodumu, ambayo huvunjika yenyewe mazingira ya maabara yakiwa ya alkali. Kukatika kule kulikodhaniwa kuwa kazi ya MenD kulikuwa matokeo ya namna majaribio yalivyofanywa. Ndani ya seli, kazi hiyo ni ya MenH. Fundi mzima alikuwa amewekwa mahali pasipo pake katika michoro yote, na kila aliyetafuta dawa ya kuizuia hatua hiyo alikuwa akitazama mlango usio wake. Kazi ambayo MenH alikuwa akipewa kimakosa ilipata mwenyewe baadaye, mwaka 2013, kundi hilohilo lilipomtambua MenI katika *E. coli*.

Hatua zinazobaki zinaweza kuelezwa kwa haraka. MenC huondoa maji na kuikamilisha pete ya kwanza. MenE hubandika kishikio, akilipa kwa ATP. MenB huifunga pete ya pili. MenI hukiondoa kile kishikio. Mpaka hapo kazi yote imefanyika katika majimaji ya seli, na kilichopatikana ni kichwa tupu kinachoitwa kwa kifupi DHNA.

Kisha kazi huhamia kwenye utando. MenA hukipokea kichwa na kukiunga na mkia mrefu wa mafuta, na kuanzia hapo kampaundi haiwezi tena kuelea majini. Mwisho, MenG huongeza kaboni moja tu juu ya pete. Nyongeza hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayokamilisha menakwinoni.

Bakteria aliyepoteza mengi, lakini si hili

Kifua kikuu kinatibika. Matibabu ya kawaida huchukua miezi sita, na anayeyamaliza hupona. Shida ni kwamba miezi sita ni mirefu, na sababu ya urefu huo iko katika tabia ya bakteria mwenyewe. Mwili unapomzingira ndani ya vinundu vya pafu, ambako oksijeni ni haba, yeye huacha kuzaana na kutulia. Dawa nyingi huua bakteria anayekua; anayelala huziponyoka. Inakadiriwa kwamba takribani robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa, na walio wengi miongoni mwao hawataugua kamwe.

Bakteria aliyelala hali chakula kingi, hagawanyiki, hajengi ukuta mpya. Lakini hawezi kuacha kuhamisha elektroni, kwa sababu akiacha, utando wake hupoteza chaji na yeye hufa. Kwa hiyo menakwinoni ni moja ya mahitaji machache asiyoweza kuyaahirisha. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kemikali zinazomzuia MenA zinaweza kumwangamiza bakteria huyo, na kwamba utengenezaji wa menakwinoni unahitajika anapokua na pia anapoamka kutoka katika hali ya kulala.

Chuo hichohicho kilirejea mwaka 2015 na habari ya kimeng'enya cha ziada, MenJ. Bakteria wa kifua kikuu, tofauti na *E. coli*, hupenda kuurekebisha mkia wa menakwinoni yake kwa kuondoa muungano maradufu mmoja, na MenJ ndiye mrekebishaji. Bakteria aliyeondolewa jeni ya MenJ aliendelea kukua vizuri katika chupa za maabara, ingawa upumuaji wake ulipungua ufanisi na ikambidi atengeneze menakwinoni nyingi zaidi ili kufidia. Alipoingizwa ndani ya makrofaji, zile chembe za kinga zinazomeza vijidudu, hakuweza kudumu. Jambo hilo ni la maana kwa sababu mtu akiwapima bakteria katika chupa peke yake angesema MenJ hana umuhimu.

Mwaka 2020 watafiti wa New Zealand waliongeza kipande kingine. Waligundua kwamba DHNA, kile kichwa kinachopatikana karibu na mwisho wa mstari, humrudia MenD na kujibandika mahali maalumu penye umbo lake, mbali na pale anapofanyia kazi, kisha humpunguzia kasi. Kwa njia hiyo bakteria hujizuia asitengeneze zaidi ya anachohitaji. Kwa mtafuta dawa, mahali kama hapo ni tundu la ufunguo ambalo bakteria mwenyewe ameshalichonga.

Ukanda wa Maziwa Makuu una sababu yake ya kufuatilia habari hizi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inayoanzia pale barabara za Gisenyi zinapoishia, imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu, na pia katika orodha ya zile zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu sugu. Watu huvuka mpaka huo kwa miguu kila siku kwenda sokoni, na ugonjwa unaosafiri kwa hewa haukaguliwi forodhani.

Ukanda huu pia umeipa sayansi jambo ambalo halikupatikana kwingineko. Mnamo Juni 2020, jarida la *Nature Communications* lilichapisha utafiti ulioongozwa na Mnyarwanda Jean Claude Semuto Ngabonziza pamoja na wenzake wa Ubelgiji, Ufaransa na kwingineko, kuhusu bakteria wawili wa kifua kikuu sugu, mmoja kutoka kwa mgonjwa wa Rwanda na mwingine kutoka Uganda. Walikuwa wa ukoo usiojulikana hapo kabla, ambao ulipewa jina la Ukoo wa 8, na unaoonekana kuishi katika ukanda wa Maziwa Makuu tu. Ukoo huo ulijitenga kabla koo nyingine zote zinazojulikana hazijagawanyika, na ugunduzi wake uliongeza nguvu ya hoja kwamba kifua kikuu kilianzia Afrika Mashariki.

Ndani ya jenomu ya Ukoo wa 8 kumebaki kipande chenye jeni iitwayo *cobF*, inayohusika na utengenezaji wa vitamini B12. Koo nyingine zote zimekwisha kukipoteza. Inaelekea kwamba bakteria huyo alipozoea kuishi ndani ya miili ya watu na wanyama aliachilia baadhi ya vifaa alivyorithi kwa mababu zake, na jeni hiyo ya B12 ilikuwa mojawapo. Mstari wa vitamini K haukuachiliwa. Jeni zake zimebaki katika koo zinazosumbua dunia leo, na kwa maoni ya mwandishi huyu, kile ambacho kiumbe mbahili kama huyu amekataa kukitupa kinastahili kuangaliwa kwa makini kuliko orodha ndefu za shabaha zinazotolewa na kompyuta.

Dawa zilizopo, na hatari ya kulenga vibaya

Hadi sasa hakuna dawa iliyoidhinishwa inayovizuia vimeng'enya vya menakwinoni. Lakini wazo la kuushambulia upumuaji wa bakteria si ndoto tena. Bedakwilini, iliyoidhinishwa Marekani mwezi Desemba 2012, huuzuia mtambo wa mwisho wa mnyororo huohuo, ule unaotengeneza ATP. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mchanganyiko wa dawa nne, bedakwilini ikiwamo, unaofupisha tiba ya kifua kikuu sugu hadi miezi sita kwa wagonjwa wengi; zamani baadhi yao walitibiwa kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi, wakidungwa sindano ambazo ziliwaacha wengine viziwi. Klofazimini, dawa ya zamani ya ukoma ambayo sasa hutumiwa pia dhidi ya kifua kikuu sugu, inafikiriwa kufanya kazi kwa kuzinyakua elektroni mahali ambapo menakwinoni ingezipokea, kisha kuzitupia oksijeni na kuzalisha sumu ndani ya bakteria.

Faida kubwa ya kuulenga mstari wa Men ni kwamba binadamu hatuna mafundi wengi wa mstari huo. Hatuna MenD wala MenB wala MenE. Dawa inayowagusa hao tu isingekuwa na cha kugusa ndani ya seli zetu.

Kwa MenA hali ni tofauti kidogo. Mwaka 2010 watafiti wa Japani walibaini kimeng'enya cha binadamu, UBIAD1, ambacho huuondoa mkia wa K1 tunayokula na kuweka mkia mwingine, na hivyo kutupatia aina fupi ya K2 ndani ya miili yetu wenyewe. Kimeng'enya hicho ni ndugu wa mbali wa MenA. Dawa isiyowatofautisha wawili hao inaweza kumwumiza mgonjwa inayekusudia kumponya, na hiyo ni moja ya sababu kwa nini njia kutoka kwenye chupa ya maabara hadi kwenye kituo cha afya imekuwa ndefu.

Njia ya pili, na vidonda vya tumbo

Mstari ulioelezwa hapo juu ulidhaniwa kuwa wa pekee. Kisha jenomu za bakteria zikaanza kusomwa moja baada ya nyingine, na baadhi yao, waliojulikana hakika kuwa na menakwinoni, walionekana hawana jeni hata chache za Men. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walitoa jibu katika jarida la *Science*: kuna njia ya pili, inayoanzia pia kwenye korismeti lakini ikipita kwenye kampaundi nyingine kabisa, futalosini.

Miongoni mwa wanaotumia njia hiyo ni *Helicobacter pylori*, anayeishi tumboni na kusababisha vidonda vya tumbo na, kwa baadhi ya watu, saratani. Leo anatibiwa kwa mchanganyiko wa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Antibiotiki hizo humpata, lakini huwapata pia bakteria wengi wa utumbo wasio na kosa. Kwa kuwa hao wa utumbo, kama *E. coli* na *Bacteroides*, wanatumia njia ya kwanza, dawa ya kuifunga njia ya futalosini ingeweza kumkaba *H. pylori* na kuwaacha majirani. Mwaka 2012 wanasayansi wa New York walionyesha kwamba kemikali inayokizuia kimeng'enya kimoja cha njia hiyo humzuia *H. pylori* kukua kwa kiwango kidogo mno cha dawa, huku bakteria wengine waliojaribiwa wakibaki salama. Hiyo nayo haijafika hospitalini.

Mtoto ambaye hajapata bakteria

Ikiwa tumbo letu limejaa watengenezaji wa vitamini K, kwa nini mtoto mchanga hudungwa sindano yake?

Jibu la kwanza ni kwamba mtoto anapozaliwa hana bado bakteria wa kutosha. Vitamini K hupita kwa shida kwenye kondo la nyuma, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana kiasi kidogo sana. Bakteria wanaomwingia mtoto anayenyonya katika majuma ya mwanzo ni hasa *Bifidobacterium*, kundi lenye manufaa mengi lakini lisilotengeneza menakwinoni. Kwa hiyo kuna kipindi ambacho ini la mtoto hutoa protini za kugandisha damu zisizokamilika. Vitamini K ndiyo inayowezesha protini hizo kushika kalisiamu, na bila kalisiamu haziwezi kufanya kazi penye jeraha.

Watoto wengi hupita kipindi hicho salama. Wachache huvuja damu kitovuni, puani au kwenye njia ya choo katika juma la kwanza. Aina inayoogopwa zaidi huja kwa kuchelewa, kati ya juma la pili na la kumi na mbili, kwa mtoto anayenyonya na aliyeonekana mwenye afya, na mara nyingi damu humwagika ndani ya ubongo. Wazazi wanaokaa macho kumwangalia mtoto hawana dalili ya mapema ya kuitegemea. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mtoto apewe miligramu 1 ya vitamini K kwa sindano ya msuli baada ya kuzaliwa, ikiwa imepita saa ya kwanza ya kulala kifuani mwa mama na kunyonya.

Jibu la pili linawahusu watu wazima. Menakwinoni ya bakteria wetu hutengenezwa zaidi katika utumbo mpana, ikiwa imefungwa ndani ya tando zao, ilhali mafuta hufyonzwa mapema zaidi, katika utumbo mwembamba ambako nyongo ipo. Wataalamu bado wanabishana kuhusu kiasi kinachotufikia. Kinachokubalika ni kwamba mboga za majani ndizo chanzo kikuu kwa watu wengi. Mgonjwa anayemeza warfarini, dawa inayopunguza kuganda kwa damu kwa kuzuia matumizi ya vitamini K mwilini, hushauriwa asibadilishe ghafla kiasi cha dodo au isombe anachokula, na amjulishe daktari kila anapoandikiwa antibiotiki. Rifampisini, nguzo ya tiba ya kifua kikuu, huongoza orodha ya dawa za kutajwa: huliamsha ini liivunje warfarini kwa kasi, kipimo kilichomtosha mgonjwa juma lililopita kikawa hakitoshi tena, na siku anapoimaliza tiba hiyo kipimo hulazimika kushushwa upya.